Garimoshi Dogo la Mvuke: Mwongozo kwa Mafundi wa Peramiho

Kichwa kidogo cha garimoshi kinachotembea kwa mvuke wa kweli hakina mota wala betri. Kina boila yenye maji, moto chini yake, silinda, pistoni na magurudumu. Mvuke unasukuma pistoni kama ulivyofanya katika vichwa vikubwa vya Reli ya Kati na vya reli ya Tanga, ila hapa mashine nzima inabebeka mikononi. Kazi hii ni ya kweli pia kwa hatari zake, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu boila.

Peramiho haijawahi kuwa na reli. Stesheni iliyo karibu ni Makambako, karibu kilomita 300 kutoka Songea, mji wa jirani, na hiyo ni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970 ikiwa na vichwa vya dizeli. Lakini tangu Wabenediktini walipofungua misheni mwaka 1898, Peramiho imekuwa mahali pa karakana: useremala, ufundi chuma, bomba, uchapaji. Fundi aliyejifunza kukereza, kupiga tupa na kulehemu tayari ana zaidi ya nusu ya ujuzi unaotakiwa. Maswali yanayoulizwa na mafundi wa namna hii hayabadiliki: waige kichwa gani, watumie shaba ipi, je, kitu hiki hakitalipuka, na kwa nini kikiwashwa kinatema maji badala ya kutembea.

Kuchagua upana wa reli

Reli ndogo yenye upana wa milimita 45 ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki. Ndiyo inayotumiwa sana duniani na wajenzi wa magarimoshi ya bustanini, na juu yake reli karibu zote za kwetu zinaweza kuigwa kwa kubadilisha kipimo tu:

- Reli ya mita moja (Tanga, Reli ya Kati, Kenya na Uganda): kipimo cha 1 kwa 22.
- Reli ya milimita 914 iliyokuwa kati ya mji wa Zanzibar na Bububu mwanzoni mwa karne ya 20: 1 kwa 20.
- Reli ya milimita 750 kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, Usambara Mashariki: 1 kwa 17.
- Reli za milimita 600 za mashamba ya mkonge: 1 kwa 13.

Upana wa reli ya mfano ukishachaguliwa usibadilishwe. Fundi anayejenga kichwa kwa milimita 45 na mabehewa kwa milimita 32 atajikuta na vitu viwili visivyokutana.

Kuchagua kichwa cha kuiga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla ya kushika tupa. Kila mtu anataka Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke chenye seti mbili za magurudumu. Sababu inaeleweka: vichwa vya daraja la 59 vya Reli za Afrika Mashariki, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, vilikuwa 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252, na hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita vilivyovizidi ukubwa. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na vyote viwili vina majina ya milima ya Tanzania: Mount Gelai na Mount Shengena.

Kwa kipimo cha 1 kwa 22, Garratt ya daraja la 59 inafikia urefu wa karibu mita moja na nusu. Ina silinda nne, seti mbili za magurudumu na viungo vya mvuke vinavyopinda kwenye kona. Si kazi ya kwanza ya mtu yeyote. Hata vichwa vya daraja la 29 na 30, kama Nyaturu kilichoko kwenye makumbusho hayo hayo, vina magurudumu manane ya kuvuta na fito nyingi za kusawazisha.

Kichwa cha kwanza kiwe cha magurudumu manne, maji yakibebwa juu ya kichwa chenyewe, cha aina iliyovuta mabehewa ya mkonge shambani. Vichwa vya namna hiyo vilijengwa kwa wingi na Orenstein & Koppel wa Berlin kwa ajili ya mashamba ya nchi za joto. Ni vifupi, vinapita kwenye kona kali, na kwa kipimo cha 1 kwa 13 sehemu zake zinakuwa kubwa kiasi cha kutengenezeka kwa tupa na mashine ndogo ya kukereza.

Mpango rahisi unaofanya kazi

Kwa kichwa cha kwanza mpango ufuatao unatosha, na fundi asishawishike kuuongezea kitu:

- Boila ya chungu, yaani bomba la shaba lililozibwa ncha zote mbili, likipashwa moto kutoka chini, nje yake likiwa na koti la bati la kuzuia upepo.
- Moto wa spiriti kwa tambi tatu au nne.
- Silinda mbili zinazocheza. Silinda yenyewe inayumba juu ya pini na kufungua na kufunga matundu ya mvuke, hivyo hakuna vali ya kupangwa.
- Vali moja ya usalama, geji moja ya presha, bomba moja la kuingizia mvuke kwenye silinda, lenye koki ya kuufungua na kuufunga.
- Presha ya kazi isiyozidi bar 3.

Boila: vitu vya kutumia

Bomba la shaba nyekundu lenye kipenyo cha milimita 50, unene wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 160 linabeba maji ya mililita 270 hivi likijaa. Hesabu ya nguvu yake ni fupi, na kila fundi anapaswa kuifanya mwenyewe. Bar 3 ni sawa na nyutoni 0.3 kwa milimita ya mraba. Zidisha kwa kipenyo 50, gawa kwa unene mara mbili, yaani 3. Jibu ni nyutoni 5 kwa kila milimita ya mraba ya shaba. Shaba iliyolainishwa kwa moto hukatika ikifikia karibu 200. Bomba, kwa hiyo, lina akiba kubwa sana.

Udhaifu uko kwenye ncha. Bamba la duara la milimita 50 lina eneo la karibu milimita za mraba 1,960, na kwa bar 3 linasukumwa na nguvu ya nyutoni 590 hivi, sawa na mtu mzima wa kilo 60 aliyesimama juu ya kifuniko cha ukubwa wa kikombe cha chai. Bamba bapa lililobandikwa tu kwenye mdomo wa bomba litapinda na kuchana lehemu. Ndiyo maana mabamba ya ncha hukunjwa ukingo, huingizwa ndani ya bomba, kisha fito moja ya bronzi ya milimita 4 hupitishwa katikati kutoka ncha hadi ncha ili kuyashika.

Vitu ambavyo fundi ataletewa na asivipokee:

- Bomba la maji la chuma lenye zinki. Linashika kutu ndani mahali pasipoonekana, na zinki ikipata moto hutoa moshi wenye sumu.
- Alumini ya aina yoyote.
- Makopo, mitungi ya gesi au vizima moto vilivyotumika. Unene na historia yake havijulikani.
- Shaba ya njano kwa sehemu zinazoguswa na maji ya moto. Zinki yake huliwa na maji polepole, na kinachobaki ni kama sifongo. Viti vya vali na vya geji viwe vya bronzi; bushi kuukuu za mashine zinaweza kukerezwa upya.
- Mabomba ya friji. Ni membamba na madogo mno kwa boila, ingawa yanafaa kwa kupitisha mvuke.

Bomba la shaba la kipenyo hiki ni nadra Songea. Mara nyingi itabidi liagizwe kutoka maduka ya vyuma ya Dar es Salaam, na pamoja na lehemu ya fedha ndilo litakalokula sehemu kubwa ya gharama. Chuma cha fremu, bati la koti na mabaki ya bronzi hupatikana karakana yoyote.

Boila: kulehemu

Lehemu laini ya risasi na bati, ile ya mafundi redio, haifai. Huyeyuka kuanzia nyuzi 183, wakati maji ya boila kwa bar 3 yako karibu nyuzi 143. Akiba ni ndogo, na siku maji yatakapokwisha moto ukiwaka, viungo vyote vitaachia. Inayotakiwa ni lehemu ya fedha, ambayo hutiririka kwa nyuzi 600 na zaidi. Paketi isomwe kabla ya kununua: lehemu za zamani zina kadimi, na moshi wa kadimi huua. Fito za mafundi friji zenye shaba na fosforasi si mbadala. Zikigusana na chuma, kiungo huwa cha kuvunjika.

Hatua zenyewe:

1. Shaba ya mabamba ipashwe hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha itumbukizwe majini. Sasa ni laini na inaweza kukunjwa juu ya kalibu ya chuma au ya mti mgumu. Ikianza kukaza tena chini ya nyundo, ilainishwe upya. Kuendelea kuipiga ikiwa ngumu huipasua ukingoni.
2. Kila kiungo kiachwe na nafasi ya karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Lehemu huvutwa na nafasi nyembamba. Pengo pana hailijazi.
3. Viungo visafishwe kwa msasa, kisha vipakwe dawa ya kulehemia.
4. Viti vya vali vilehemiwe kwanza, kisha bamba la mbele, mwisho bamba la nyuma pamoja na fito ya katikati.
5. Boila izungushiwe matofali ya kuzuia joto lisipotee, na moto uelekezwe kwenye kazi nzima, si kwenye kiungo tu. Shaba hukimbiza joto. Kosa la kawaida kabisa ni kupasha lehemu badala ya kupasha shaba. Shaba ikiwa tayari, lehemu ikiguswa kwenye kiungo hugeuka maji ghafla, na mstari unaong'aa hukimbia kuzunguka duara lote. Hapo moto uondolewe.
6. Tundu moja lazima libaki wazi muda wote. Hewa au unyevu uliofungiwa ndani ya boila iliyozibwa utailipua wakati wa kulehemu.
7. Kazi ikipoa, ilowekwe kwenye maji yenye asidi ya sitriki hadi iwe ya waridi, kisha ioshwe na ikaguliwe kila kiungo kwa mwanga mkali.

Jaribio ambalo halina mbadala

Boila mpya hujaribiwa kwa maji baridi kwa presha mara mbili ya presha ya kazi, hapa bar 6, kabla haijaona moto wa spiriti hata mara moja. Ijazwe maji hadi hewa yote itoke, izibwe, kisha isukumwe kwa bomba dogo la mkono lenye geji. Presha ipande polepole: bar 2, kuangalia, bar 4, kuangalia, bar 6, na ishike kwa dakika 10 au zaidi. Geji isishuke, bamba lisibenuke, kiungo kisitoe jasho.

Hapa huja pingamizi moja kila mara: karakana ina kompresa, kwa nini isitumike hewa? Kwa sababu maji hayabanwi kwa kiasi cha maana. Boila iliyojaa maji ikipasuka hutoa mchirizi na presha inakwisha papo hapo. Iliyojaa hewa ya bar 6 ikipasuka hutawanya vipande vya shaba karakana nzima. Bomba la kujazia upepo wa baiskeli nalo ni hewa ile ile.

Baada ya maji baridi linafuata jaribio la vali ya usalama. Kichwa kiwekwe nje, mvuke ufungwe usiende kwenye silinda, na moto uwake kwa nguvu zake zote. Vali ifunguke kwenye bar 3, na hata moto ukiendelea geji isipande zaidi ya bar 3.3. Ikipanda zaidi, tundu la vali ni dogo na vali itengenezwe upya. Kukaza springi ili "isipoteze mvuke" ni kosa linaloweza kumpofua mtu.

Matokeo yaandikwe: tarehe, presha, muda, jina la aliyeshuhudia. Jaribio la maji lirudiwe kila mwaka kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi. Katika karakana ya chuo au ya kazi, boila ni chombo cha presha kama vingine, na msimamizi anapaswa kuwauliza OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kuhusu ukaguzi kabla ya wanafunzi kuiwasha.

Silinda na magurudumu

Silinda za kipenyo cha milimita 12 na mwendo wa milimita 16 zinatosha. Uso wa silinda unaoteleza juu ya bamba la matundu ndio unaoamua kama kichwa kitatembea au kitavuja tu. Usuguliwe kwa msasa laini uliolazwa juu ya kipande cha kioo, kwa mwendo wa namba nane, hadi uwe na rangi moja kote. Doa linalong'aa peke yake katikati maana yake uso bado una mlima, na mvuke utapita pembeni.

Mambo mawili husahauliwa. La kwanza, pini za magurudumu ya kulia na ya kushoto zipishane kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90. Zikiwa sambamba, kichwa kitakwama kila pistoni zinapofika mwisho wa mwendo. La pili, pembe hiyo iwe ile ile kwenye ekseli zote mbili, la sivyo fito za kuunganisha zitabana. Kibanio cha chuma chenye pembe ya nyuzi 90 hutengenezwa kwa saa moja na huondoa tatizo hilo moja kwa moja.

Maji, oili na spiriti

Maji ya mvua ndiyo bora kwa Peramiho. Yakusanywe masika yakiwa yamepamba moto, baada ya paa kuoshwa na mvua kadhaa, yachujwe kwa kitambaa safi na kuhifadhiwa kwenye chupa zilizofungwa. Maji ya bomba na ya kisima huacha ukoko wa chokaa ndani ya boila. Anayenunua maji ya betri ahakikishe kibandiko kinasema ni maji yaliyokenekwa, kwa kuwa madukani jina hilo hutumika pia kwa asidi.

Oili ya injini ya gari haifai kwenye silinda. Ikichanganyika na mvuke hugeuka uji mweupe. Inatakiwa oili nzito ya silinda za mvuke, daraja la 460, iwekwe kwenye kikombe kidogo kilichounganishwa na bomba la mvuke. Mvuke hugeuka maji ndani ya kikombe, maji huzama, na oili hupanda na kwenda silindani kidogo kidogo.

Spiriti iwe ya kuwashia. Ile ya hospitali iliyozimuliwa kwa maji huwaka kwa shida. Petroli isikaribie kabisa, na kichwa cha gesi kisijazwe kutoka mtungi wa jikoni, kwa kuwa gesi yake huwa na propani na presha inayozidi uwezo wa matangi madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya butani.

Moto unapaswa kuzimika kabla maji hayajaisha, na hilo hupimwa. Boila itiwe mililita 200, tangi litiwe mililita 30 za spiriti, kichwa kikalishwe juu ya vipande vya mti magurudumu yakizunguka hewani hadi moto ufe. Boila ikipoa, maji yaliyobaki yapimwe. Yakiwa mililita 110, spiriti 30 imekula maji 90. Tangi lisizidi mililita 50, ili mililita 50 za maji zibaki daima.

Siku ya kuwasha

1. Ardhi ifagiliwe hadi udongo wazi. Miezi ya Septemba na Oktoba nyasi za Ruvuma zimekauka, na tone moja la spiriti linatosha kuanzisha moto. Ndoo ya mchanga iwe karibu.
2. Boila ijazwe robo tatu. Ikijaa mno, maji yatapita pamoja na mvuke.
3. Kikombe cha oili kijazwe, pini zote zipate tone.
4. Spiriti itiwe mbali na moto wowote. Juani mwali wake hauonekani; kabla ya kuongeza, mkono upitishwe juu yake kwa mbali kuhakikisha umezimika.
5. Presha ikifika bar 2, mvuke ufunguliwe kidogo huku magurudumu yakisukumwa mbele na nyuma kwa mkono. Silinda baridi hugeuza mvuke kuwa maji, na maji hayo lazima yatoke kwanza. Kutema maji dakika ya kwanza si hitilafu.
6. Kikianza kuvuta chenyewe, mvuke upunguzwe. Mwendo wa taratibu huonyesha kazi nzuri kuliko mbio.

Asubuhi za Juni na Julai ni baridi na zina upepo. Kuchemsha huchukua muda zaidi, na koti la bati likiwa na mianya tambi huzimika.

Kikigoma

- *Presha inapanda lakini hakitembei:* maji yamejaa silindani, au pini hazipishani nyuzi 90.
- *Silinda ya upande mmoja tu ndiyo inayosukuma:* matundu ya upande wa pili hayalingani na silinda. Yapimwe upya kabla ya kupanuliwa.
- *Mvuke unatoka kati ya silinda na bamba:* springi legevu au uso haujasuguliwa vizuri.
- *Presha haifiki bar 2:* tambi zimebanwa mno, au hewa haiingii chini ya koti.
- *Kinabana mahali pamoja kila mzunguko:* fito za kuunganisha si za urefu mmoja.

Reli yenyewe

Bapa za chuma za milimita 3 kwa 10 zilizosimamishwa kwenye mifereji ya mataruma ya mninga zinatosha. Mabaki ya useremala yanafaa, na mninga hauliwi haraka na mchwa. Upana upimwe kwa kipande cha chuma cha milimita 45, ukiongezwa milimita moja kwenye kona. Mstari uwe sawa kama maji. Kichwa cha spiriti cha magurudumu manne hakipandi mlima.

Kutunza

Baada ya kila safari boila imwagwe maji ikiwa ya vuguvugu, na vali ya usalama ifunguliwe kwa kidole isije ikaganda. Kiungo kinachotoa jasho kwenye jaribio la mwaka hulehemiwa upya, na boila hujaribiwa tena kwa bar 6 kama mpya. Kikivuja mara ya pili mahali pale pale, boila ikatwe vipande na shaba yake itumike kwa kazi nyingine.